Kompyuta ya Kusomea Udaktari, na i7 Aliyoitaka Kaka Yangu

Kaka yangu alinitumia shilingi 800,000 kwa simu, zikifuatiwa na ujumbe mmoja: "Mnunulie mtoto i7, asidharauliwe na wenzake." Hiyo i7 ni jina la daraja la juu la prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta; chini yake iko i5. Mtoto mwenyewe ni bintiye wa pili, aliyekuwa amechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu hapa Dar es Salaam. Kazi ya kumtafutia kompyuta mpakato nilipewa mimi kwa sababu nakaa karibu na Kariakoo, na kwa sababu nilisoma famasia, jambo linalowafanya ndugu zangu wote waamini kwamba najua kila anachohitaji mwanafunzi wa afya. Kwa hili la kompyuta hawakukosea sana, maana mwaka wangu wa kwanza chuoni nilinunuliwa mashine isiyofaa, nikaishi na kosa hilo miaka minne.

Ilikuwa mashine kubwa, yenye kioo cha inchi 15.6 na kadi ya picha ya kuchezea magemu, na chaja yake ilikuwa nzito kama tofali. Ilimfurahisha kila aliyeiona. Betri yake ilikaa saa moja na nusu ilipokuwa mpya, na baadaye dakika arobaini, wakati kumbi za mihadhara zilikuwa na soketi chache zilizopangwa ukutani tu. Nikawa natoka bwenini kabla ya wenzangu, si kwa kuwahi kiti cha mbele, bali kwa kuwahi kiti cha pembeni chenye umeme, ambako ubao hauonekani vizuri. Kufika mwaka wa pili mashine ile ilikuwa haiondoki mezani chumbani, nami nikawa nasomea kwenye simu.

Ndiyo maana nilimwambia binti, kabla hatujapanda daladala, kwamba leo hatutafuti mashine yenye nguvu, tunatafuta mashine ya kusomea. Ukiweka kando maneno ya wauzaji, mwanafunzi wa afya ni msomaji: anasoma slaidi za mihadhara, anasoma vitabu vya PDF vyenye kurasa zaidi ya elfu moja, anajihoji kwa kadi za Anki, programu ya kadi za maswali na majibu, anaandika ripoti, na akikaribia kumaliza anaingiza na kuchambua takwimu za utafiti wake mdogo. Katika hayo yote hakuna linalodai mashine ya kuhariri filamu. Yanadai kioo kisichoumiza macho, betri inayomaliza asubuhi nzima bila kuomba soketi, uzito ambao bega litaukubali, na mwili imara wa kuvumilia miaka 5 ya shahada na, Mungu akijalia, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini baada ya hapo.

Kwenye kioo nilikaa muda mrefu kuliko alivyopenda muuzaji. Nilikuwa nimebeba kwenye flashi picha ya tishu ya ini iliyotiwa rangi za hematoksilini na eosini, ambazo ndizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakazoziona mpaka aziote usingizini: viini vya seli hutokea bluu ya zambarau, na sehemu kubwa inayovizunguka hutokea waridi. Kwenye mashine ya kwanza, yenye kioo cha zamani cha pikseli 1366 kwa 768, ile waridi ilichujuka na kuwa kijivu mara tu nilipokilaza kioo kidogo nyuma, na mipaka ya seli ikapotea. Kwenye mashine ya pili, yenye kioo cha aina ya IPS cha pikseli 1920 kwa 1080, tuliitazama picha ileile kwa mbele na kwa ubavu na rangi zikabaki vilevile. "Shangazi, hii ya kwanza kama kanga iliyoanikwa juani wiki nzima," akasema. Sikuwa na la kuongeza.

Kisha tukafika kwenye i7. Muuzaji alikuwa nayo, na bei yake ilikuwa chini kuliko ya i5 iliyokuwa kando yake, jambo ambalo peke yake lilitosha kumfanya mnunuzi ajiulize. Nilimwomba binti asome namba nzima badala ya kuishia kwenye ile i7. Ilikuwa i7-6600U, na ya pili ilikuwa i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi cha prosesa (kuanzia kizazi cha 10 tarakimu hizo huwa mbili), kwa hiyo ile i7 ilikuwa ya kizazi cha 6 na i5 ya kizazi cha 8. Zaidi ya hapo, i7 ile ina viini 2, yaani sehemu zinazogawana kazi ndani ya prosesa, na i5 ile ina viini 4. Nasema viini vya prosesa sasa, tumekwisha toka kwenye ini. Mwenye i5 hiyo anafanya kazi kwa wepesi zaidi kuliko mwenye i7, ila jina ndilo linalouza.

Kizazi kina uzito mwingine siku hizi. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, inapokea rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ziko mashine za kizazi cha 6 zilizolazimishiwa Windows 11 kwa njia za panya, nazo zinawaka vizuri tu dukani, lakini mnunuzi hana hakika kama zitaendelea kupokea masasisho hadi mwisho wa masomo. Mtu anayenunua kwa ajili ya miaka 5 asianzie hapo. Kwa bajeti ya kaka, chaguo lilibaki kwenye mtumba mzuri wa mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama HP EliteBook 840 G5 au Lenovo ThinkPad T480, ambazo zina kibodi nzuri, bawaba za chuma zisizolegea haraka, uzito wa kilo moja na nusu hivi, na nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa kazini, zinazoruhusu kuongeza baadaye. Zote mbili hupokea chaji kwa tundu la USB-C pia, ikimaanisha kwamba chaja ikiharibika, mwenzake wa chumba anaweza kumwazima ya kwake.

Nikamuuliza muuzaji, "Betri inakaa saa ngapi, kaka?"

"Hiyo dada? Saa tano, sita. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Nilimwomba ruhusa, nikafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Mashine hutengeneza ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi. Unaifungua kama ukurasa wa intaneti na kutafuta mistari miwili tu, mmoja unaosema betri ilitengenezwa ikiwa na uwezo gani, na mwingine unaosema leo ikijaa inabeba kiasi gani. Ile EliteBook ya kwanza ilitengenezwa ikibeba takriban mWh 50,000 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), na siku ile ilikuwa inabeba 21,000 na ushee. Kijana alinyamaza, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na nyingine ya aina ileile. Hiyo ilikuwa inabeba 43,000. Sitamsema vibaya, kwa sababu nadhani kweli hakujua. Aliniomba nimwandikie ile amri nyuma ya kitabu chake cha risiti, nikamwandikia.

Mengine tuliyapitia upesi. Tuliizima na kuiwasha huku tukibonyeza F10 ili kuhakikisha hakuna nenosiri la kampuni ya zamani lililobaki ndani kabisa ya mashine, maana hilo likikukuta nyumbani hakuna fundi wa haraka. Tulibonyeza kila kitufe cha kibodi, tukajaribu kamera, spika na kila tundu, tukasoma chaja kuona imeandikwa volti 100 hadi 240, na tukaomba waranti iandikwe kwenye risiti badala ya kuahidiwa kwa mdomo. RAM ilikuwa GB 8, ambayo inatosha kwa kuanzia, na diski ilikuwa SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 256. Diski ya kuzunguka ya zamani nisingeipokea hata kwa punguzo.

Binti aliuliza kuhusu tableti, kwa kuwa ameona wanafunzi wakichora mishipa ya mkono kwa kalamu juu ya kioo. Kwa kuchora ni nzuri kweli, na kwa mwenye fedha ya vitu viwili ningesema nunua vyote. Lakini ukifika utafiti, programu ya kuchambua takwimu kama Epi Info, ambayo ni ya bure na imetumika sana katika afya ya jamii, toleo lake kamili ni la Windows, na kuandika ripoti ya kurasa hamsini kwenye tableti ni adhabu. MacBook Air ya M1 nayo haina feni, betri yake ni ya ajabu, na ingenipendeza, ila ya mtumba ilikuwa nje kabisa ya zile laki nane. Jambo moja lililobaki ni la kuuliza chuo chenyewe kabla ya kulipa: baadhi ya vyuo hutoa mitihani kwa programu inayofunga kila kitu kingine kwenye mashine, na programu hizo huchagua mfumo zitakaokubali.

Mashine ilitugharimu 640,000. Kiasi kilichobaki nilikataa kisirudi kwa kaka. Nikaongeza changu kidogo, nikamnunulia diski ya nje. Katika mwaka wangu wa nne diski yangu ilikufa wiki tatu kabla ya kukabidhi utafiti, nami nikaingiza upya majibu ya dodoso 180, moja baada ya jingine, usiku, huku rafiki yangu akinisomea kwa sauti. Tangu hapo siamini faili iliyo mahali pamoja. Binti ameahidi kunakili kila Jumapili, na mimi nimeahidi kumkumbusha.

Jioni, nyumbani, tulimalizia kwa kuiwekea nenosiri na kuwasha BitLocker, inayofunga diski isisomeke na asiye na ufunguo, ambayo inapatikana kwenye Windows ya Pro. Siku moja atakuwa na orodha ya wagonjwa wa utafiti wake ndani ya mashine hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Begi likiibiwa kwenye mwendokasi, mwizi apate chuma tu. Nilimwonya pia asiingie na kompyuta wodini bila sababu, kwa kuwa kibodi haioshwi kama mikono. Ikibidi kuisafisha, aizime kwanza, kisha atumie kitambaa chenye unyevu wa spiriti ya asilimia 70, asiguse jiki. Akauliza kwa nini isiwe ya asilimia 95 ambayo ni kali zaidi. Nikamweleza kwamba ile kali hukauka mapema mno, na kwamba maji kidogo ndiyo yanayoisaidia spiriti kuharibu protini za vijidudu. Akaenda kuliandika hilo kwenye Anki, kadi yake ya kwanza.

Kaka alipiga simu saa tatu usiku kuuliza kama tumefanikiwa. Nikamtajia kioo, betri, kizazi, diski ya nje, nenosiri. Alisikiliza mpaka mwisho kwa subira isiyo ya kawaida yake, akashukuru, kisha akauliza, "Sawa, lakini ni i7?"