Umeme ulipokatika paa likiwa ndani ya mfuko

Katika lile boksi la samaki tulilolijenga mgongoni mwa lori, paneli iliyotupa kazi ni ya paa. Sakafu ililala juu ya chesisi na kuta zilikuwa fupi, lakini paa lilipaswa kuvuka upana wote wa lori bila nguzo katikati, na mwenye mali alishatuambia waziwazi kwamba vijana wa kupakia watapanda juu yake tupende tusipende.

Mwenye mali alikuwa mama mfanyabiashara wa mbuta. Alinunua samaki Usenge na fuo nyingine za Siaya, akawaleta Kisumu kupitia Bondo. Boksi lake la zamani lilikuwa la mbao, ndani limepigwa mabati. Mbao zilikunywa maji zikaoza, lori likawa zito hata kabla ya kupakiwa, na barafu aliyoinunua alfajiri ilikuwa maji kabla ya saa nane mchana. Huo ulikuwa mwaka 2011. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, najifunza kazi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, katika karakana moja karibu na soko la Kibuye, chini ya mzee ambaye sote tulimwita Jaduong'.

Mama alipoonyeshwa povu tulilokusudia kutumia, vibao vya manjano vya poliyurethani vyenye unene wa sentimita tano, alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba. Kidole kikaacha alama. Akamgeukia mzee.

"Jaduong', hii ni godoro. Mimi nabeba samaki na barafu, si watu wa kulala."

Mzee hakubishana naye. Aliniambia, "Nyathina (mwanangu), lete vile vipande vitatu."

Cha kwanza kilikuwa faiba tupu, milimita nne. Cha pili kilikuwa faiba ile ile imegawanywa mara mbili, milimita mbili juu na milimita mbili chini, katikati povu, lakini bila gundi. Kilifungwa kwa mpira tu. Cha tatu kilifanana na cha pili, ila kila kitu kilikuwa kimegandishwa. Kwenye kichwa cha vile viwili vyenye povu mzee alichora mstari wa kalamu kutoka juu hadi chini. Kisha akalaza kila kimoja juu ya matofali mawili na kukibebesha mtungi wa maji wa lita 20.

Faiba tupu ilipinda hadi ikagusa ardhi. Cha pili nacho kilipinda, povu likapasuka, na ule mstari wa kalamu ukakatika vipande vitatu, kila tabaka limekwenda na chake. Cha tatu kilishuka kidogo sana hata ikabidi uiname ndipo uone. Mstari wake ulibaki mmoja.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Uzito unapokandamiza, ngozi ya juu, yaani lile tabaka la faiba, hubanwa na ngozi ya chini huvutwa. Povu halibebi mzigo huo. Kazi yake ni kuziweka ngozi mbali na kuzikataza kuteleza. Ukizitenganisha mara mbili ya pale zilipokuwa, ukakamavu huongezeka karibu mara nne, na bei yake ni povu kidogo tu. Mita mraba moja ya lile povu letu ilikuwa na uzito wa kilo mbili hivi, wakati faiba ya milimita nne pekee inafika kilo sita. Baadaye nilisoma kwamba wazo hili lilipaa angani zamani: ndege ya kivita ya Mosquito ya kampuni ya Uingereza ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940, mwili wake ulikuwa plaiwudi nyembamba ndani na nje, katikati mti wa balsa. Hakuna aliyeita ile godoro.

Mama alikaa kimya kidogo, akauliza habari ya barafu. Mzee alimfanyia hesabu kwa chaki ukutani: nje nyuzi 28, ndani sifuri, povu la sentimita tano, kila mita mraba ya ukuta itayeyusha barafu kama kilo tatu na nusu kwa siku nzima, mradi mlango ukae umefungwa. Mama alikuwa anapoteza zaidi ya hapo kabla ya kufika Bondo. Akatoa malipo ya kwanza.

Watu wengi waliokuja kututazama walidhani kazi ni kumwaga resini. Kumwaga ni rahisi. Ugumu uko pale ngozi inapokutana na povu, kwa sababu paneli ikifa hufia hapo. Kuna karakana zilizoweka yale maboksi meupe ya kufungia televisheni badala ya povu la maana, na resini ya poliyesta ikayayeyusha papo hapo, maana stairini iliyo ndani yake hula polistairini. Kuna wengine waliotumia povu sahihi wakalilaza juu ya faiba iliyokauka, wakaweka mawe juu. Mawe hukandamiza pale yalipo tu. Mimi naamini hadi leo kwamba paneli nyingi zilizoharibika na kuipa faiba jina baya zilihitaji saa moja zaidi ya uangalifu, si pesa zaidi.

Jaduong' alitumia hewa: unaifunga paneli ndani ya mfuko wa nailoni, pampu inanyonya hewa ya ndani, na hewa ya nje inakandamiza kila mahali. Siku ya paa tulifika kukiwa bado na giza, kwa sababu joto la Kisumu la mchana hugandisha resini kabla hujamaliza kufunga mfuko. Meza ilikuwa imeshapakwa nta na jelkoti, ile resini ya rangi inayokuwa uso wa nje, na tabaka za mkeka wa nyuzi za kioo wa gramu 450 zilikuwa zimelazwa jana yake na kuachwa zikiwa na unato. Tulipangusa vumbi lote kwenye povu. Vumbi la poliyurethani likibaki, gundi hushika vumbi. Tulitoboa mashimo madogo kila baada ya inchi nne ili hewa ipate pa kutokea. Tukapaka povu resini kwanza, kwa sababu matundu yake ya juu hunywa, na ukiyaacha na kiu yatakunywa ile ya kiungo. Kisha tukasambaza resini nzito iliyochanganywa na unga mwepesi, hadina, dawa ya kuigandisha, asilimia moja tu, tukalaza vibao, juu yake karatasi ya nailoni yenye matundu, juu yake blanketi kuukuu la kupitishia hewa, na juu ya vyote nailoni nzima iliyozibwa pembeni kwa putti.

Pampu ilikuwa kompresa ya friji iliyokufa. Ilivuma polepole, nailoni ikaanza kujikunja, ikalivaa povu mpaka ukaona kila kona. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu inakandamiza kwa karibu tani tisa kwa mita mraba, wakati Mombasa inapita kumi. Mzee alitaka nusu tu: zaidi ya tani nne kwa kila mita mraba, sawasawa kila mahali, bila mtu kunyanyua hata jiwe moja.

Geji ilikuwa imefika alipopataka umeme ulipokatika.

Sindano ilianza kurudi. Resini ilikuwa bado laini, labda imebakisha dakika ishirini kushika. Vijana wawili wakataka kupanda juu ya mfuko wakandamize kwa miguu, mzee akawazuia kwa mkono. Mguu ungezamisha povu mahali pamoja na kuliinua pembeni. Alifunga valvu ya bomba ili hewa isipitie kwenye kompresa, akasema, "Nyamazeni."

Kila siku usingeweza kusikia lolote pale. Jirani wa kuchomelea alikuwa na grainda, ng'ambo kulikuwa na posho mill, na redio hazihesabiki. Lakini umeme ulikuwa umewanyamazisha wote. Tuliinama kuizunguka meza, masikio karibu na putti, tukitambaa pole pole. Mimi nilikuwa upande wa kona ya nyuma nilipousikia, mluzi mwembamba kabisa, pale nailoni ilipokunjwa na kuacha njia chini ya mkunjo. Nilibonyeza putti kwa vidole viwili. Mluzi ukakatika. Mzee akasogea, akaongeza putti nyingine juu yake, akanionyesha kwa kichwa niendelee. Tulipata mwingine mdogo kwenye bomba.

Sindano ilisimama kwenye robo hivi. Haikuwa nusu, lakini ilisimama. Tulikaa hapo, hakuna aliyegusa kitu, hadi ile resini tuliyobakiza kwenye kopo ikawa ngumu na ya moto mkononi. Umeme ulirudi baadaye sana, wakati hatukuuhitaji.

Kesho yake tulivua mfuko, tukaligeuza paa, na mzee akaanza kuligonga upande wa jelkoti kwa sarafu ya shilingi kumi, hatua kwa hatua, kama daktari anayesikiliza kifua. Sauti ilikuwa kavu na ya juu mita baada ya mita. Karibu na ile kona ikabadilika, ikawa nzito, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Aliizungushia penseli. Tuligeuza paa tena, tukatoboa povu, tukasukuma resini kwa bomba la sindano mpaka ikachomoza kwenye tundu la pili, tukaacha igande, tukagonga. Sauti ikawa moja na nyingine. Ndipo tukaweka ngozi ya juu.

Mama alikuja siku tunayokata kingo. Alikuwa amesikia habari za umeme na hakutaka kusimuliwa. Aliomba kipande kilichokatwa upande wa ile kona, akatoa kisu chake cha samaki kwenye mkoba, akakiingiza chini ya ngozi na kuivuta kwa mikono miwili. Ngozi ilibanduka kwa taabu, na upande wake wa ndani ulikuwa wa manjano mtupu: povu ndilo lililoraruka, kiungo hakikuachia. Jaduong' alimweleza kwamba ingetoka safi, paa lote lingerudi kwenye meza.

"Na mlango?" mama akauliza. "Utakuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi, isipokuwa penye bawaba na komeo. Hapo tunatoa povu tunaweka plaiwudi, kwa sababu boliti ikikazwa juu ya povu hulibonda."

Alihesabu pesa za resini iliyobaki, akampa mzee, nasi tukaanza kupaka meza nta kwa ajili ya mlango.