Mfu anaweza kuotesha mti?

Ubishi huu huzuka karibu kila meza mpya ya D&D, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, inapokaa. Mchezaji mmoja anataka kucheza maiti inayotembea, na papo hapo anataka awe druidi, yaani mganga anayepata nguvu zake kutoka kwa maumbile. Jirani yake anaguna: "Hapana bwana, mfu ni adui wa maumbile." DM, yaani mwendesha mchezo, asiyejiandaa ama anakataa bila hoja, ama anakubali bila masharti kisha kampeni ikishanoga anajuta. Jibu langu ni kwamba inawezekana na inaingia akilini, ila ina bei, na bei hiyo iandikwe kwenye karatasi ya mhusika kabla dadu ya kwanza haijarushwa.

Wanaokataa hawabwati. Ni kweli mfu ana kasoro mbele ya maumbile, ila kasoro yenyewe siyo kifo. Msitu wowote umejengwa juu ya vilivyokufa. Tazama Haller Park, pale Bamburi. Machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yaliachwa jangwa la mawe meupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 René Haller akaanza kupanda mivinje, na mivinje ikashika. Lakini vijani vyake vyembamba kama sindano vilidondoka vikalala juu ya jiwe, havikuoza. Udongo ulianza kupatikana jongoo walipoletwa: walikula vile vijani, wakavitoa vimesagika, na bakteria wakamalizia kazi. Mahali pale palikuwa na vifo vya kutosha. Kilichokosekana ni uozo.

Na mfu anayetembea ndivyo alivyo. Amekufa, hajaoza. Maisha yake yote alichukua kutoka ardhini, na siku ya kurudisha ilipofika akainuka akaondoka, sawa na mdeni aliyehama mtaa usiku. Kwa hiyo mwulize mchezaji wako jambo moja: mwili wako unairudishia ardhi nini, na kwa njia gani? Akiwa na jibu, ana druidi. Akikosa, ana mchawi wa kawaida aliyejivika majani.

Sheria zenyewe hazimzuii. Katika toleo la 5 la mwaka 2014 hakuna mstari unaosema druidi lazima awe hai. Tatizo liko kwenye tiba. Cure Wounds na Healing Word, uganga wa kuponya majeraha, zimeandikwa wazi kwamba hazifanyi kazi kwa wafu, maana yake druidi wako hawezi kujitibu kwa mikono yake mwenyewe, wala kasisi wa kundi hawezi kumsaidia. Upande wa pili, Blight, uganga wa kunyausha ambao umo kwenye orodha ya druidi, haumgusi mfu hata kidogo. Goodberry ndiyo mwanya: matunda hadi 10 kwa nafasi moja ya uganga ya ngazi ya 1 (nafasi hizi ni chache, na hurudi baada ya mapumziko marefu), kila tunda pointi 1 ya uhai, na maandishi hayakuwatenga wafu. Mifupa mitupu isiyo na tumbo inayala wapi hayo matunda? Uamuzi ni wa DM. Mimi ningeruhusu yapondwe na kupakwa kwenye mbavu, mradi kila tunda linakula tendo zima la zamu.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi hawaioni. Ile nasaba ya Reborn iliyotoka 2021 inakupa mtu aliyerudi kutoka kaburini, asiyehitaji kula, kunywa wala kupumua, lakini aina yake kisheria ni kiumbe wa umbo la mtu (humanoid), si mfu. Anatibika kama kawaida. Anayetaka sura ya maiti bila usumbufu wa kanuni achukue hiyo. Wachezaji wa Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, wana kizingiti kigumu zaidi: uganga wa maumbile huko umejengwa juu ya uhai na maada, na orodha yake ina Heal, ambayo humuunguza mfu, lakini haina Harm, ambayo ndiyo ingemponya. Kiunzi cha mifupa kikiwa druidi huko kinabeba dawa ya wenzake ambayo kwake ni sumu. Binafsi naona huo ni mchezo mtamu, ila mchezaji aambiwe mapema.

Sasa aina za wafu zinazokubali kazi hii. Nyepesi kuliko zote ni mfu wa uyoga, kwa sababu sheria zake zipo tayari: Circle of Spores, tawi la druidi wa uyoga. Vumbi lake huumiza aliye ndani ya futi 10. Akitumia nafasi moja ya ule uwezo wa druidi wa kugeuka mnyama anapata pointi 4 za muda za uhai kwa kila ngazi, hivyo ngazi ya 5 ni pointi 20, na hizo hazijali kama wewe ni mfu. Kuanzia ngazi ya 6 anaweza kumwinua mnyama au mtu aliyekufa karibu naye awe msukule wa pointi 1 ya uhai kwa saa moja. Anayedai uyoga hauendeshi miili akasome habari za Ophiocordyceps, kuvu inayomwingia sisimizi wa msituni, ikampandisha juu ya mmea, akaung'ata mshipa wa jani akafia hapo, kisha kuvu ikachipuka kichwani mwake.

Wa pili ni mfu aliyemea: mifupa iliyopenywa na mizizi hadi haijulikani nani anamwendesha nani. Hapa uwe mwangalifu, maana ukisema mti ndio wenye akili na mifupa ni kiegemeo tu, basi aina yake iwe mmea. Papo hapo Cure Wounds inafanya kazi. Lakini Blight nayo inageuka janga: mmea hujiokoa kwa taabu, na akishindwa anapigwa kiwango cha juu kabisa, dadu 8 za pande 8, yaani 64. Mchezaji hawezi kuchagua faida za pande zote mbili kulingana na adui wa siku hiyo.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote, na sisi wa Mombasa hatuhitaji kumbuni kutoka mbali: mfu wa matope ya mikoko. Kisiwa chetu kimezungukwa na vijito vya Tudor na Port Reitz, na matope yake yana tabia zote unazohitaji. Hewa haipenyi. Bakteria waliomo hutumia salfati ya maji ya bahari badala ya oksijeni, ndiyo maana yananuka yai viza. Kwa kukosa hewa kitu huoza polepole mno, hivyo maiti iliyozama humo ina kisingizio cha kweli cha kudumu bila kusimama kabisa kuoza. Kaa huburuta majani mashimoni. Mche wa mkoko huanza kuota ukiwa bado juu ya mti mzazi, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Mfu asiyepumua anakaa chini ya hayo yote, maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku.

Kiuchezaji, Entangle yake, uganga wa kunasa watu kwa mimea, iwe mizizi ya mkoko iliyojipinda, na Spike Growth, uganga wa kuotesha miiba ardhini, iwe vile vijiti vya mchu, aina ya mkoko, vinavyochomoza topeni. Nguvu zake zifuate maji: siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, awe na nguvu zaidi, siku za maji mafu apungukiwe. Na asikae nchi kavu. Kila siku 2 mbali na matope, kikomo chake cha deni, ambacho nakieleza sasa hivi, kipungue kwa 1.

Vampaya na yule mchawi aliyeficha roho yake kwenye kasha hawafai, na sijaona hoja ya kunishawishi. Vampaya anaungua juani, na akimaliza zamu ndani ya maji yanayotiririka anapoteza pointi 20. Maumbile yameshamkataa kimaandishi. Wa kasha ndio kabisa: kazi yake yote ni kuhakikisha harudishi chochote.

Deni la udongo liendeshwe hivi. Kila uganga wa kuotesha, kusuka mimea au kuponya unaongeza deni sawa na ngazi ya nafasi iliyotumika. Ngurumo, mwanga wa mwezi na kuongea na wanyama havihesabiwi. Kikomo ni ngazi ya druidi ukijumlisha kirekebishi cha Hekima. Deni hulipwa kwa kulala umezikwa udongoni au topeni: saa 1 hulipa pointi 1, na wakati wa bamvua mfu wa matope hulipa 2. Mzoga uliozikwa kwa mkono wake hulipa pia, kuku 1, mbuzi 2, ng'ombe 4, mara moja tu kwa siku. Kwa kila pointi inayozidi kikomo, pointi zake za juu za uhai hupungua kwa dadu ya pande 6, na mimea iliyo ndani ya futi 10 hukauka, mpaka deni lishuke.

Hesabu yake kwa druidi wa ngazi ya 5 mwenye Hekima 18, ambayo kirekebishi chake ni 4: kikomo ni 9. Nafasi zake zote, 4 za ngazi ya 1, 3 za ngazi ya 2 na 2 za ngazi ya 3, zikienda kwenye mimea ni deni la 16, yaani 7 juu ya kikomo. Akilala saa 8 analipa 8, anaamka na 8, amebakiza 1 kabla ya kikomo. Kwa hiyo hawezi kumwaga uganga wote wa mimea hata siku moja bila kuumia, na siku ya pili karibu hana nafasi ya kukopa, na hapo ndipo mchezaji anaanza kufikiri. Ngazi ya 1 deni halimgusi, na liachwe hivyo ajizoeze. Kuanzia ngazi ya 9 nafasi zake zikitumika zote zinafika 36 na kanuni inabana kupita kiasi, kwa hiyo malipo yawe pointi 2 kwa saa. Reborn anaweza kumaliza mapumziko marefu kwa saa 4, lakini akiamka mapema amelipa 4 tu. Achague.

Plant Growth, uganga wa kustawisha mimea, itengewe kanuni yake. Ikifanywa kwa saa 8 hurutubisha ardhi ya nusu maili kila upande na kuongeza mavuno maradufu kwa mwaka mzima. Deni la 3 ni dogo mno kwa kazi hiyo. Mfu aifanye akiwa amezikwa kwenye shamba lenyewe, na saa hizo zisilipe deni lolote.

Yanayoharibika mezani mara nyingi ni haya. Turn Undead, uwezo wa kasisi wa kuwafukuza wafu, ikitumiwa na kasisi rafiki inamkumba na yeye akiwa ndani ya futi 30. Si mbaya kama inavyosikika, kwa sababu druidi ana ujuzi wa kujiokoa kwa Hekima: yule wa ngazi ya 5 anaongeza 7, na mbele ya kasisi wa kiwango chake, lengo 15, anapona dadu ya pande 20 ikitoa 8 na kuendelea, yaani asilimia 65. Hatari iko kwenye ile hatua ya kasisi wa ngazi ya 5 ya kuwateketeza wafu dhaifu. Inapimwa kwa kiwango cha hatari cha zimwi, na mhusika wa mchezaji hana kiwango hicho. Andika mapema kwamba haimteketezi.

Wanyama nao. Farasi, mbuzi na mbwa wamkatae, arushe dadu mbili achukue ndogo anapojaribu kuwatuliza. Fisi, tai, kaa na kunguru wamjie bila kuitwa. Kunguru wa Mombasa hawamwogopi mtu aliye hai na sahani yake mkononi, sembuse maiti.

Akigeuka mnyama, tuseme popo, takwimu zake zote zinakuwa za mnyama, na mchezaji mjanja atadai kwamba sasa si mfu, atibiwe. Mimi ningekataa: popo huyo ni popo aliyekufa. DM mwingine anaweza kukubali, bora aamue kabla ya pambano, si katikati yake.

Na kama kampeni yako inapita pwani yetu, usizigeuze kaya za Mijikenda kuwa pango la mazimwi. Ni misitu halisi, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na koma ni wahenga wa watu unaopanda nao matatu. Tena koma si maiti inayotembea. Chukua wazo kwamba waliotangulia wanaweza kuulinda msitu kwa miiko, usikate, usiwashe moto, kisha buni msitu wako, upe jina lake, na miiko hiyo uifanye masharti ya druidi: akiivunja mmoja, deni lake la siku hiyo halilipiki.