Uzoefu wangu: Kusimamia ruzuku ya Umoja wa Ulaya hadi awamu ya pili iingie bila kupunguzwa

Ruzuku ambazo Umoja wa Ulaya huzipa asasi za Tanzania kupitia Ujumbe wake wa Dar es Salaam haziji kwa mkupuo. Hulipwa kwa awamu, na miradi mingi hukwama kati ya awamu ya kwanza na ya pili. Nimesimamia hesabu za mkataba mmoja wa namna hiyo: miaka mitatu, wilaya mbili, asasi tatu, kazi ikiwa ufugaji nyuki na kilimo cha alizeti. Nitatumia namba za mviringo ili hesabu ifuatike. Tuseme gharama zote zinazokubalika ni Euro 600,000. Umoja unatoa 480,000, yaani asilimia 80, na asasi zinatafuta 120,000 zilizobaki. Awamu ya kwanza ni 160,000.

Masharti ya mkataba yanataka uwe umetumia angalau asilimia 70 ya awamu iliyotangulia kabla ya kulipwa inayofuata. Mhasibu akisoma hivyo huzidisha 160,000 kwa 0.7, anapata 112,000, na matumizi yakifika hapo anaandika ombi la malipo. Hapo ndipo anapokosea. Kinachopimwa ni sehemu ya matumizi inayobebwa na Umoja wenyewe, si matumizi yote. Ukitumia 112,000, sehemu yao ni asilimia 80 ya hizo, yaani 89,600. Umepungukiwa 22,400, na awamu ya pili itakatwa kiasi hichohicho. Ili sehemu yao ifike 112,000, matumizi ya jumla lazima yafike 140,000. Namba hiyo niliiandika juu kabisa ya jedwali la kila mwezi, na hakuna asasi iliyoruhusiwa kuzungumzia ombi la malipo kabla ya kuivuka.

Halafu kuna swali la nini kinahesabiwa kuwa matumizi. Fedha uliyoihamishia asasi mwenza si matumizi, ni uhamisho tu, hadi mwenza alete hati zake. Masurufu ya safari, yaani fedha anazopewa mtu kabla ya kusafiri, ambayo hayajarejeshwa kwa hati nayo si matumizi. Nimeona vitabu vinavyoonyesha asilimia 85 vikashuka chini ya 60 baada ya vitu hivyo viwili kuondolewa. Dawa yake ni ratiba ngumu: masurufu yarejeshwe ndani ya siku saba baada ya safari, anayechelewa hapewi mengine, wenza wanaleta hati kufikia tarehe 5 ya kila mwezi, na robo ya pili hawatumiwi fedha kama ya kwanza haijafungwa. Wenza hulalamika mwanzoni, na nawaelewa, kwa sababu wao ndio walioko vijijini na mtandao hausomi. Lakini awamu ikikatwa, wa kwanza kukosa mshahara ni maofisa ugani wao.

Viwango vya kubadilisha fedha vinastahili muda wako kuliko karibu jambo lolote lingine. Mkataba wetu, kama ilivyo mingi ya miaka ya karibuni, uliagiza shilingi zigeuzwe kuwa euro kwa kiwango ambacho mchango wa Umoja uliingizwa nacho vitabuni. Hasara ya kubadilisha fedha haikubaliki kama gharama. Sasa chukua mfano: benki imekupa shilingi 2,450 kwa kila euro, lakini mhasibu ameandika 2,500 aliyoiona kwenye tovuti asubuhi ile. Kwa Euro 160,000, umepokea shilingi milioni 392 huku vitabu vikisema milioni 400. Milioni nane hizo hakuna atakayekulipa. Niliingiza kiwango kilichoandikwa kwenye hati ya benki yenyewe, nikaibandika hati hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili la awamu. Awamu ya pili ikifika kwa kiwango kingine, shilingi za awamu ya kwanza zimalizwe kwanza kwa kiwango chake cha zamani. Ukizichanganya, mkaguzi hataweza kufuatilia, na akishindwa kufuatilia ataikataa gharama.

Kuhamisha fedha kati ya kasma kuu, yaani mafungu makubwa ya bajeti, kunaruhusiwa bila mkataba wa nyongeza, mradi badiliko lisizidi asilimia 25 ya kila kasma inayoguswa. Wengi huangalia kasma wanayotoa na kusahau inayopokea. Kutoa 12,000 kwenye mishahara ya 240,000 ni asilimia 5 tu. Kuziingiza kwenye vifaa vya 40,000 ni asilimia 30, kwa hiyo unahitaji mkataba wa nyongeza, unaoombwa siku 30 kabla ya tarehe unayotaka uanze kutumika. Akiba ya dharura haiguswi bila kibali cha maandishi. Asilimia 7 inayotolewa kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji wa jumla, haidaiwi hati, ila usiweke kodi ya ofisi humo kisha uirudie kwenye kasma ya ofisi.

Kwenye manunuzi, kiambatisho cha mkataba wetu kiliruhusu kulipa kwa ankara tu hadi Euro 2,500, na kuchagua muuzaji mmoja bila kushindanisha hadi 20,000; kuzidi hapo ni ushindani. Mizinga ya nyuki ndiyo iliyotaka uangalifu. Ukinunua 200 leo na 200 mwezi ujao kwa fundi yuleyule ili kila ununuzi ubaki chini ya kikomo, huko ni kugawanya manunuzi, na wakaguzi hulinganisha majina ya wauzaji kabla ya kitu kingine chochote. Tulitangaza mizinga yote kwa pamoja, ikapokelewa kijiji kwa kijiji kwa hati zilizosainiwa na mwenyekiti wa kikundi.

Karatasi za muda wa kazi ni jambo fupi: mtu anayelipwa asilimia 60 na mradi huu na asilimia 70 na mfadhili mwingine amefika 130, na mkaguzi huomba karatasi za wafadhili wote.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 hukubalika tu ukithibitisha kwamba huwezi kurudishiwa, na mkataba hauikatazi. Nilipata barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu hadhi yetu mapema, kabla ya ununuzi wa kwanza.

Hati hutunzwa miaka mitano baada ya malipo ya mwisho. Risiti za EFD (mashine za kielektroniki za risiti) huchapwa kwenye karatasi ya joto, na ndani ya miezi michache maandishi huweza kufifia hadi karatasi ibaki nyeupe. Toa nakala siku hiyohiyo, ibane pamoja na risiti halisi, na namba ya hati ya malipo iandikwe kwa kalamu kwenye nakala.