Fundi wa pool naye kalipa kiingilio

Jumamosi nilicheza tonamenti ya pool huku kwetu Mbagala, kiingilio elfu tano kama wengine wote, tumefika nusu fainali ndo naambiwa eti wewe mkali sana kwahiyo mpinzani wako anatolewa mipira miwili mezani kabla hamjaanza. Yaani mimi niingize mipira yangu yote saba ndo niifikie nyeusi ya kumalizia, mwenzangu tano tu! Handikapu, yaani kumbeba kidogo asiye mkali, sikatai, hata kwenye gofu zipo, ila zinatangazwa kabla watu hawajalipa bana. Halafu mdogo wake mwenye meza naye yumo, anapiga kuliko mimi na kila mtu pale anajua, mpinzani wake hakutolewa hata mmoja. Nikamwambia mwenye meza, kaka nirudishie hela yangu, akacheka, akaniletea soda.