Kumbukumbu ya mradi: duara moja la kikoba chetu

Wiki ya 1

Natengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nimeanza vibaya kama kawaida yangu: nimefungua kompyuta kabla ya kufungua daftari. Nimekesha siku mbili nikitengeneza majedwali ya wanachama, hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana. Siku ya tatu mama mweka hazina akanikuta barazani, nikamwamkia, akaitikia kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo programu yako itakuwa inaongea na nani na nani?"

Nikakosa jibu. Nikachana karatasi ya kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza upande mweupe, nikachora duara.

Kikoba chenyewe ni cha mtaani kwetu Mbagala. Tuko 28, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Hisa moja ni shilingi 5,000 na mwisho ni hisa tano kwa kikao. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Kumbukumbu zote zimo kwenye kauntabuku moja ambayo jalada lake limeshonwa kwa kamba ya viatu, na kwenye vitabu vidogo vya wanachama vinavyogongwa mihuri.

Kwa ambaye hajawahi kuchora mchoro wa muktadha: duara moja tu, lina namba 0, ndilo mfumo mzima. Pembeni yapo masanduku, nayo ni watu, ofisi au mifumo mingine iliyo nje. Mishale ni taarifa zinazoingia na kutoka, na kila mshale una jina. Ndani ya duara huchungulii, kwa hiyo hakuna jedwali wala faili linalochorwa hapo. Wachambuzi wa mifumo wanaofuata mtindo wa Yourdon na DeMarco huchora duara, wa Gane na Sarson huchora mstatili uliolainishwa pembe. Mimi nimechukua duara kwa sababu kisahani cha chai kilikuwa karibu.

Wiki ya 2

Masanduku tisa, mishale sijui mingapi, na karibu nusu nimeifuta.

Wa kwanza kufutika ni mshale niliouandika "Fedha", kutoka kwa mwanachama kwenda kwenye mfumo. Fedha haiingii kwenye programu. Inaingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kinachoingia kwenye programu ni habari kwamba mwanachama namba 14 amenunua hisa tatu. Nikaandika upya: "Taarifa ya ununuzi wa hisa". Inaonekana ni ubishi wa maneno, lakini yale majedwali yangu ya mwanzo yalijengwa kana kwamba hela yenyewe imelala ndani ya kompyuta.

Wa pili ulitoka kwa mwanachama kwenda kwa mweka hazina. Ni kweli wanapeana hela na maneno, ila hayo yao. Mshale usiogusa duara hauna kazi kwenye mchoro huu.

Wa tatu uliniuma. Nilikuwa nimeshajigamba kwamba malipo ya simu yataingia yenyewe, nikachora sanduku la kampuni ya simu na mshale mnene. Nikajiuliza: huo mshale unapita wapi? Hatuna makubaliano yoyote na kampuni. Meseji inaingia kwenye simu ya mama mweka hazina, anavaa miwani, anasoma kwa sauti. Sanduku la kampuni likafutwa, mshale ukahamia kwa mama: "Taarifa ya malipo ya simu".

Ubishi na katibu ulichukua jioni nzima. Yeye ndiye atakayekaa na kompyuta, akataka sanduku lake. Nikamwambia, dada, wewe unaingiza maneno ya wengine, uko ndani ya duara pamoja na kibodi. Mama mweka hazina yuko nje kwa sababu habari inaanzia kwake. Hajaridhika, na najua wapo wachambuzi wangemuunga mkono.

Wiki ya 3

Hii ndiyo wiki iliyolipa gharama ya karatasi.

Nilikwenda kikaoni na mchoro wangu umekunjwa mfukoni. Kikao hufunguliwa kwa namna ileile kila mara: mwenyekiti anauliza mfuko wa jamii ulifungwa na shilingi ngapi wiki iliyopita. Watu wanajibu kwa kichwa, bila kuangalia popote. "Laki moja na elfu kumi na mbili na mia tano!" Kisha wahesabu fedha wawili wanafungua sanduku, wanahesabu mbele ya macho ya wote, noti kwanza, sarafu baadaye. Mmoja ana tabia ya kupanga sarafu za mia mbili kwenye mnara mdogo na kuugonga kwa kucha.

Nimeiona shughuli hii kila Jumamosi nikaichukulia kama salamu tu. Safari hii nikatoa mchoro nikatafuta sanduku la wahesabu fedha. Halipo.

Yaani programu yangu ingejumlisha hisa, ingetoa mikopo, ingetangaza salio, na isingeulizwa hata siku moja kama salio hilo limo kwenye sanduku la bati. Hesabu zingekuwa sawa daima, kwa kuwa zingelinganishwa na zenyewe. Kauntabuku ya kamba ya viatu ilikuwa imenizidi akili.

Nimeongeza sanduku na mishale miwili: "Fedha iliyohesabiwa" inaingia, "Salio linalotarajiwa na tofauti" inatoka.

Wiki ya 4

Halmashauri nimeimaliza haraka. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi kama chetu viko daraja la nne, na usajili wake Benki Kuu imeukabidhi kwa serikali za mitaa. Kwa hiyo kuna sanduku, taarifa ya kikundi inakwenda, maelekezo yanarudi.

Kisha nikapasua duara kupata ngazi ya 1, yaani mchoro wa pili unaoonyesha kazi zilizo ndani yake: kupokea hisa, kushughulikia mikopo, kuhudumia mfuko wa jamii, kufunga kikao. Sharti lake ni kwamba mishale yote iliyogusa duara la 0 ionekane tena huku, isipungue wala kuzidi. Mmoja ukabaki unaning'inia: "Ombi la rambirambi". Mfuko wa jamii niliuwekea njia ya kupokea michango tu, ya kutoa nikaisahau. Imerekebishwa.

Jana nimempelekea mama mweka hazina nakala safi. Akaifuata mishale kwa kidole, mmoja mmoja, akasimama kwa mwanachama.

"Na akimtuma mtoto alete hisa?"

Nikasema mshale ni uleule, chanzo ni mwanachama, mtoto ni mjumbe tu.

"Na mtoto akipitia dukani, ikapungua mia tano?"

Nimeweka alama ya kuuliza hapo, kwa penseli.