Mbuzi aliyeitwa Mazishi

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sitawaficha, nimekuwa mtu wa kununa. Jumanne asubuhi nimepanda gari ya Bamburi, tumekwama pale daraja la Nyali hapa Mombasa, makanga akanirudishia chenji kumi pungufu, na mimi mzee wa kanisa mzima, Biblia kwapani, nikamfokea kijana wa watu mpaka gari zima kimya. Yeye akaniangalia tu, akasema "pole mzee, kwani leo nyumbani hamkupika chai?" Watu wakavunjika mbavu. Nikamkumbuka babu yangu wa Kaloleni, tuliyemzika mwezi wa nane, manake hilo ni jibu lake kabisa.

Babu alikuwa na minazi yake, mihogo, kunde kidogo, kuku na mbuzi. Sasa hao mbuzi aliwapa majina ya shida zake. Kulikuwa na Fizi, yaani karo ya shule, na Hospitali, na Madeni ambaye ndiye aliyekuwa akizaa kuliko wote. Unapiga simu kumjulia hali anakwambia "Hospitali ameharisha jana, lakini Madeni mzima kabisa." Na kulikuwa na mmoja mweupe mwenye doa jeusi jichoni, huyo ndiye Mazishi, na hakuna aliyelishwa kama yeye. "Huyu msimuuze, mkija kunililia nataka mle vizuri." Mvua ikikataa na mahindi yakakauka shambani anasema Mungu ameuonea huruma mgongo wake. Halafu alikuwa na hii: "Injili imefika hapo Rabai tangu 1846, lakini kwa jirani yangu bado inatafuta nauli." Aliyetuhadithia hiyo matangani ni jirani mwenyewe, huku anapangusa machozi.

Mithali 17:22 mnaijua, moyo uliochangamka ni dawa nzuri. Nilitaka niseme pia habari ya kazi ya mikono, na ya kuridhika, lakini hayo yatangoja kwa sababu hili la kununa limenikaba. Jamani sisi tuliookoka nani alitufundisha kukunja uso? Ukimuona mtu amefinya macho kwenye ibada unasema huyo yuko rohoni, kumbe pengine viatu vinambana. Tunamfokea msichana wa kazi asubuhi, jioni tunaongoza sifa. Na Mungu tunayemwabudu ndiye aliyesema mtoto wa Abrahamu aitwe Isaka, yaani kicheko, na Sara akasema "Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami." Kila asikiaye! Wewe anayekusikia nyumbani kwako anacheka, au anatafuta mlango wa nyuma?

Na mimi pia najisema. Januari babu alinipigia, "Mazishi amezaa, kwa hivyo saa hii siwezi kufa, nina malezi." Nikacheka, nikamwambia nitakuja Pasaka. Sikwenda. Kaloleni hapo, asubuhi unapanda gari jioni umerudi kwako, lakini kila wiki nilikuwa na kamati, mara kikao, mara mkesha. Nikaja kwenda mwezi wa nane, na Mazishi nikamla kwa wali wa nazi, na alikuwa mtamu, kwenye hilo babu hakudanganya.

Yule makanga nimemtafuta stejini Buxton siku mbili, sijampata. Na juzi nyanya amenipigia, mtoto wa Mazishi amekua na mpaka leo hana jina, ananiuliza mimi tumwite nani. Nimemwambia asubiri Jumamosi nije nimuone kwanza.