Nilivyomfikisha Mama Mkubwa kwa daktari wa meno baada ya miezi 14 ya kukaa ndani

Ushauri ulionitesa kuliko wote nilipewa kwa nia njema kabisa: "Usimpe maji asubuhi."

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Kwa miezi 14 alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba. Nyonga zimechoka, miguu inavimba, na moyo wake unapiga bila mpangilio, kwa hiyo anameza wafarini kuzuia damu isigande. Mengi tulikuwa tunayamalizia nyumbani. Jino ndilo lililokataa. Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Akaacha kutafunia upande huo, halafu akaacha kula kitu chochote kigumu, na usiku nikawa namkuta amekaa kitandani gizani, kiganja kimeshika shavu. Ukimuuliza anajibu, "Litapoa tu, mwanangu."

Kung'olewa hakukumtisha. Aliogopa kujikojolea garini mbele ya watu, na hilo alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, akitazama ukutani. Nilipomsimulia mtu mmoja aliyewahi kuuguza, ndipo nikapewa ule ushauri: tangu usiku asiguse maji, atoke nyumbani akiwa mkavu. Nikaufuata.

Asubuhi gari limefika, dereva anapiga honi, nami nina haraka. Nikamwinua kutoka kitandani moja kwa moja, tukapiga hatua chache. Mlangoni akasimama, akanikamata mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akasema, "Mwanangu, mbona pamekuwa giza?" Magoti yakalegea. Nikamkumbatia kwa nyuma na kushuka naye taratibu, mgongo wake ukiteleza kwenye paja langu, mpaka sote wawili tukawa sakafuni. Hakupiga kichwa, nashukuru mpaka leo. Kiwiko tu kiligusa fremu ya mlango, na kwa sababu ya wafarini, mguso ule mdogo uligeuka doa jeusi la ukubwa wa kiganja lililodumu wiki mbili. Angepiga kichwa tungekwenda hospitali saa ile ile hata kama angeonekana mzima, maana anayetumia dawa hizo anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu na dalili zikachelewa kutokea.

Muuguzi alipokuja kumwona alimpima presha akiwa amelala, kisha akampima dakika ya kwanza ya kusimama, kisha dakika ya tatu. Namba ya juu ilishuka kutoka 138 hadi 106. Kushuka kwa 20 au zaidi tayari ni tatizo. Akanieleza kwamba mtu akisimama damu inakimbilia miguuni, na mishipa inapaswa kujikaza upesi ili kuirudisha juu. Mwili wa mzee unachelewa, na ukishazoea kulala miezi mingi unachelewa zaidi. Ukimnyima na maji, hata hiyo damu ya kuzunguka inapungua. Kwa hiyo nilikuwa nimemwandalia Mama kuzimia kwa mikono yangu mwenyewe, usiku kucha, nikidhani namlindia heshima. Tangu hapo mtu akinitajia habari ya kumnyima mzee maji kabla ya safari, huwa namkatiza.

Na kumbe suala la mkojo lilikuwa la simu moja. Kila asubuhi anameza furosemaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini. Inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja, na nguvu yake inaweza kudumu kwa muda wa saa sita. Nilimpigia daktari wake, akasema siku ya safari aimeze akirudi. Basi. Mwulize daktari wako kwanza, usihamishe dozi kwa kukisia, lakini uliza. Tukaongeza pampasi na taulo jeusi la kukalia, ambalo alilichagua mwenyewe.

Tulijipa wiki tatu. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akichezesha vifundo juu na chini kwa dakika mbili tatu, anakunywa maji, ndipo anasimama. Asipoona kizunguzungu tunatembea. Siku ya kwanza alipiga hatua nane, akaanza kuhema.

Hizo hatua nane ndizo zilizonipa wazo ninalojivunia kuliko yote. Kiti cha magurudumu tulikuwa nacho, ila kilikuwa na upana wa sentimita 66 na mlango wa chumba chake una 62. (Pimeni milango kabla ya kununua.) Ilibidi atembee mpaka mlango mkubwa, hatua 20 na kitu. Watu wakasema abebwe. Mtu mzima aliyelea watu abebwe kama gunia? Nikachukua viti vitatu vya nyumbani vyenye mikono, vile virefu kidogo, kwa sababu kiti kifupi mzee anakaa vizuri halafu kuinuka hawezi. Nikavipanga njiani, kila baada ya hatua sita. Sita, kwa sababu nilitaka akae kabla hajachoka. Ukisubiri achoke, kile kiti kinachofuata anakifikia kwa hofu, na hofu ndiyo inayomwangusha.

Kila kiti nikakipa kazi. Cha kwanza kilikuwa na glasi ya maji. Cha pili kilikuwa na miwani na meno yake bandia ya juu, ambayo daktari wa meno lazima ayaone hata kama mzee hayavai. Cha tatu, karibu na mlango, kilikuwa cha kuvalia viatu vilivyofunika kisigino, maana ndala zimeangusha wazee wengi. Hivyo kila akikaa, hakukaa kwa sababu ameshindwa. Alikaa kwa sababu kuna jambo la kufanya. Siku ya tano akaanza kuviita vituo. "Tumefika kituo cha pili, tushushe abiria," anasema, na anacheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu jino lianze.

Nje kuna ngazi mbili, jumla yake sentimita 34. Niliweka ubao wa mita moja na nusu, nikapakia mfuko wa mchanga kwenye kiti cha magurudumu badala ya mtu, nikausukuma. Kiti kilinivuta, kikanitoka mikononi, kikabinuka na mchanga ukamwagika wote. Nilisimama pale nikiutazama ule mchanga na kuwaza kichwa cha Mama. Fundi seremala akaniambia kanuni yake: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Kwa ngazi zetu ni mita nne na ushei. Akaitengeneza, na kingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Gharama yake haikufika ya kukodi gari la wagonjwa mara mbili, na bado ipo pale.

Safari ya pili ikaenda vizuri mpaka mlangoni kwa daktari. Nilikuwa nimepiga simu nikauliza, "Kiti cha magurudumu kinaingia?" Wakanijibu, "Kinaingia, karibuni." Ni kweli, kiliingia. Kiliingia mapokezi. Chumba cha daktari kilikuwa ghorofani na lifti ilikuwa imekufa. Vijana wawili wakajitolea kumnyanyua. Mama akakataa, nami nikakataa pamoja naye. Tukarudi na jino letu.

Siku hizi siulizi swali la ndiyo au hapana. Nauliza, "Kutoka gari linaposimama mpaka kwenye kiti cha daktari, kuna ngazi ngapi?" Anayepokea simu inabidi atembee kwa mawazo yake njia nzima, na mara nyingi anasema, "Subiri kidogo nikahesabu." Huyo anayekwenda kuhesabu ndiye unayemtaka. Na naomba miadi ya saa nne asubuhi. Mapema zaidi ya hapo unamharakisha mzee, na jioni baadhi yao, hasa wenye usahaulifu, wanachanganyikiwa na kukasirika.

Kwenye gari, kiti cha mbele kinarudishwa nyuma mpaka mwisho kabla hajafika. Natandika mfuko laini wa plastiki juu yake. Mama anageuka, anarudi kinyumenyume mpaka mashavu ya miguu yaguse gari, anakaa kwanza, anainamisha kichwa, kisha anazunguka kuelekea mbele, na ule mfuko unamtelezesha bila nyonga kulalamika. Miguu inaingia mmoja baada ya mwingine. Halafu mfuko unatolewa, maana dereva akifunga breki utamtelezesha tena. Asishike mlango wa gari, unacheza. Na tafadhali msiwavute wazee kwa kwapa. Bega la mtu wa miaka 80 linateguka.

Kuhusu wafarini, nilisikia mengi. "Mwachishe siku tatu kabla." Sikuthubutu, kwa sababu dawa hiyo inamkinga na kiharusi. Daktari wa meno niliyempata safari ya tatu alitaka kitu kimoja tu: kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, cha ndani ya saa 24. Ikiwa chini ya 4, alisema, kwa kawaida jino la namna hii linang'olewa bila kusimamisha dawa, na damu inadhibitiwa pale pale. Ya Mama ilikuwa 2.6. Nilikuwa nimebeba dawa zake zote na maboksi yake kwenye mfuko mmoja, akazipitia moja moja, akauliza kama kuna dawa ya mifupa, kwa kuwa baadhi yake huleta shida ya taya baada ya kung'oa. Haikuwepo.

Mapokezi mtu aliniuliza mimi, Mama akiwa mbele yake, "Anaumwa wapi?" Hili linaniudhi kila mahali. Dawa yake nimeipata: nasimama nyuma ya kiti cha Mama, naangalia chini. Wanabaki hawana wa kumtazama ila yeye. Daktari hakuhitaji kufundishwa. Aliingia, akakaa akalingana naye macho, akashusha barakoa ili Mama aone midomo kwa vile hasikii vizuri, akasema, "Shikamoo mama. Niambie hilo jino linakusumbuaje." Mama akamsimulia dakika tano nzima. Yale ya usiku, ambayo mimi alinificha, yote alimwambia yeye.

Hakumlaza chali. Mtu mwenye moyo dhaifu akilazwa chali anaweza kukosa pumzi, kwa hiyo kiti kilibaki nusu kukaa. Ganzi, dakika za kusubiri, kisha akavuta. Nilishika kidole chake cha gumba na kilinibana mara moja tu. Akashona nyuzi mbili, akaweka pamba ya kung'ata nusu saa, akatuonya asisukutue mpaka kesho, na maumivu yakija ameze parasetamo. Aspirini na ibuprofeni zikae mbali na wafarini. Kiti kilinyanyuliwa polepole, na Mama, kabla sijafungua mdomo, akaanza kuchezesha vifundo vya miguu. Daktari akauliza anafanya nini. "Nasubiri damu ipande," akajibu, pamba mdomoni.

Taulo jeusi lilirudi kavu. Sikulisema, ila niliona amelipapasa kwa kiganja wakati tunashuka, akalikunja mara nne na kuliweka mapajani.

Wiki iliyofuata alikula upande wa kushoto. Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya macho, na asubuhi ile nilimkuta ameshakaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, anatazama korido nilivyopanga viti. "Kituo cha pili kiondoe, mwanangu," akasema. "Miwani nitaivaa hapa hapa."